Hodi Katika Pango la Kivumo

"Hodi hujibiwa na mwenye nyumba." Mmeisikia mkutanoni leo, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Ilizaliwa hapa hapa Kivumo, nami nilikuwepo.

Mababu zetu walijificha katika lile pango enzi za kuuzwa watu. Aliyefika mlangoni alipiga hodi, akangoja. Wa ndani wakiitambua sauti, walijibu karibu. Wasipoitambua, kimya. Hata hatari ilipokwisha desturi ilibaki: bila karibu, mtu haingii.

Ikaja kampuni ya mjini, ikalizungushia pango seng'enge. Watalii wakamiminika, sisi tukaambulia vumbi la magari yao. Waongozaji walitoka mjini, chakula mjini, hata maji ya kunywa! Mama zetu waliouza ndizi na vikapu walifukuzwa kwa virungu. Na wajawazito wetu waliteremshwa mlima kwa machela kwenda hospitali, wengine wasifike. Mmojawapo alikuwa binti wa Bibi Nakijwa, yule mzee aliyewekwa na kampuni pangoni kuwajibu wageni hodi kwa ujira wa sahani ya wali.

Baada ya matanga, Bibi alirudi pangoni. Watalii wakafika. Mwongozaji akaita, "Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Bibi!"

Kimya. Kijiji kizima tulisimama nje ya seng'enge, hakuna aliyekohoa. Walinzi wakakaza virungu. Meneja, Bwana Lukindo, jasho likimchuruzika, akajijibu mwenyewe: "Karibuni!"

Nyuma yangu mwanamke akapasua kicheko. "Makubwa! Mgeni kajikaribisha!"

"Ingieni tu," meneja akawahimiza watalii. "Haya ni maigizo."

Mwalimu mmoja aliyekuja na wanafunzi wake kutoka Dodoma akagoma. "Mmetuambia wenyewe, asipojibu hatuingii."

"Mtoeni kizee huyo!" meneja akawafokea walinzi.

Tukasukuma seng'enge mpaka nguzo zikalia. Walinzi wakatutazama, wakatazama pango. Ndipo sauti ikatoka gizani, taratibu.

"Lukindo, mwanangu, nitoe. Ukishanitoa utawaonyesha nini? Mawe? Mawe wanayo kwao."

Meneja akasogea mlangoni. "Unataka nini, Bibi?"

"Vijana wetu waongoze. Wageni wale kwetu, walale kwetu. Na kiingilio kijenge zahanati kabla hakijamnenepesha mtu."

"Nitalifikiria."

"Lifikirie hapo hapo mlangoni. Mimi nimeshazika, sina haraka."

Mwalimu akaketi chini, wanafunzi wake wakaketi. Magari mengine yakafika, nayo yakasimama. Lukindo alizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho akamwita mwenyekiti wetu wa kijiji, akakubali mbele ya umati. Msidhani alituonea huruma. Alishindwa! Zahanati mlimozaliwa ninyi nyote ilitoka katika kimya kile, si katika ukarimu wa mtu.

Makubaliano yalipotamkwa, Bibi Nakijwa akasafisha koo. "Karibuni," akasema, na watu wakaingia.

Kwa hiyo mtu akija tena na seng'enge yake, akiwaambia atawapokelea wageni wenu, mwambieni bila kupepesa macho: hodi hujibiwa na mwenye nyumba.