Mpishi wa Ukurasa wa Kwanza

Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi hamtukani mkunga, hata kama mkunga huyo ana mikono ya baridi na maneno ya kuudhi. Humeza hasira yake, kwa kuwa mtoto bado hajatoka na anayeijua njia ya kumtoa ni mkunga. Wahenga waliliona hilo wakatuachia onyo. Fundi baiskeli mmoja, mwenye kibanda ng'ambo ya soko, alilijua onyo hilo tangu darasa la nne. Aliwahi hata kuliandikia insha na kusifiwa mbele ya wenzake. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuikumbuka damu inapochemka ni jambo jingine.

Watu walimwita Kamusi. Jina hilo alilipata kwa kuvijua vitabu sita vya *Mlima Unaotembea* kama alivyozijua spoku za gurudumu, kila moja na tundu lake. Ungemuuliza farasi wa mfalme kipofu alikuwa na rangi gani katika kitabu cha tatu, angekujibu huku ameinamia mnyororo, bila kuinua uso. Shujaa wa hadithi hiyo, Binti Radi, alitumbukia katika ufa wa mlima kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha sita. Tangu siku hiyo wasomaji walikaa roho juu kwa miaka mitano. Kamusi aliwakusanya, wakaunda chama, wakawa wanakutana kila Jumamosi katika chumba kidogo cha maktaba kubishana kama Binti Radi yu hai au amekufa. Yeye alishika upande wa uhai, tena kwa moto. Kinyozi wa jirani alipothubutu kusema kwamba Binti Radi "ameshaliwa na wadudu", Kamusi alimnunia wiki mbili na kuacha nywele zake ziote kama kichaka.

Hatimaye kitabu cha saba kikawa tayari. Mwandishi, ambaye jalada lilimtaja kwa herufi mbili tu na hakuna aliyewahi kumwona, alikubali kuja maktaba Jumamosi saa kumi alasiri. Siku ya Jumatatu mkutubi alimkabidhi Kamusi nakala ya kwanza.

"Wewe ndiye mwenyekiti," alimwambia. "Soma, uniandikie maoni yako ya mwanzo. Nitayasoma mbele ya mgeni."

"Mama, utayapata kabla ya Ijumaa," Kamusi akajibu, sauti ikimtetemeka kama bwana harusi.

Alinawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga ili grisi isiguse karatasi. Kisha akafungua kitabu. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mpishi alimwaga maji machafu kwa mkono wa kushoto, akachechemea kurudi jikoni." Vema, akawaza, huyu atapita tu. Mpishi hakupita. Ukurasa wa kumi alikuwa anahesabu vyungu. Ukurasa wa ishirini alivihesabu tena, akakuta kimoja kimesogea. Ukurasa wa thelathini alikuwa akigombana na mwenye nyumba ya wageni juu ya kuni mbichi. Mlima haukuonekana. Binti Radi hakutajwa. Jumatano jioni, alipofika ukurasa wa arobaini na kukuta vyungu vinahesabiwa kwa mara ya nne, Kamusi alikitupa kitabu kitandani kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Miaka mitano!" alifoka. "Miaka mitano nangoja, naletewa vyungu!"

Kamusi alikuwa na kipaji cha kutunga mashairi, na hasira ilikuwa kinoo chake. Kabla ya chakula beti saba zilikuwa zimekamilika, na ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Kalamu imekauka, babu pumzika sasa,
Mpishi umempika, na Binti umemtosa.

Alilitia shairi lake katika bahasha, akaifunga kwa gundi ya kuzibia matairi. Asubuhi yake alimpa dada yake mkubwa aipeleke, kwa kuwa dada huyo alikuwa mpishi wa hospitali na njia yake ilipita mlangoni mwa maktaba.

"Umeshamaliza kitabu?" dada akauliza, akiipima bahasha mkononi.

"Nimesoma kurasa arobaini. Huhitaji kumaliza chungu kizima ili ujue wali umeungua."

"Kati yangu na wewe, mpishi nani?"

"Dada, wewe peleka tu."

Dada hakubishana. Aliitia bahasha mkobani, na kitabu nacho akakichukua.

Jumamosi, saa tisa na ushei, Kamusi, aliyekuwa ameapa kutokwenda kumwona mwandishi, alikuwa amegeuza baiskeli ya mwalimu mmoja miguu juu, akinyoosha gurudumu lililopinda. Mwalimu mwenyewe alisimama pembeni akingoja. Dada alikuja na kitabu, akakalia kreti, akasoma, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Huyu mpishi."

"Usinitajie lile zee!" Kamusi aliruka. "Jamaa anachechemea kurasa arobaini, anapigia kelele kuni, na huku Binti Radi yuko shimoni!"

"Jamaa?"

"Jamaa, ndiyo."

"Mdogo wangu," dada alisema taratibu, "nani kakuambia mpishi ni mwanamume?"

Spana ilisimama hewani. "Si imeandikwa."

"Wapi?"

"Hapo mwanzo."

"Nionyeshe."

Kamusi alijifuta mikono, akachukua kitabu. Alimwaga. Alichechemea. Aligomba. Mkono wake. Sauti yake. Alipekua kurasa zote arobaini akitafuta neno "bwana", akatafuta "baba", mwishowe akazitafuta hata ndevu, maana katika kichwa chake mpishi yule alikuwa na ndevu za kufika kifuani. Hakukuta hata unywele mmoja. Ndevu zile alimvisha yeye mwenyewe. Lugha yetu ni ya stara: ikisema "alichechemea" haikufunulii ni nani, na mwandishi alikuwa amejificha nyuma ya herufi moja tu, ile "a" ya mwanzo, kama paka nyuma ya pazia.

Hapo ndipo sentensi ya kwanza ilipompiga usoni. Kwa mkono wa kushoto! Yeye, Kamusi, alisahau kwamba Binti Radi alitumia mkono wa kushoto tangu radi ilipomuunguza wa kulia katika kitabu cha kwanza? Na mtu aliyeanguka ufani asichechemee kwa nini? Alisoma mbele akiwa amesimama. Vyungu vilihesabiwa kwa sababu vilisogea, na vilisogea kwa sababu ardhi ilitikisika, na ardhi ilitikisika kwa sababu mlima ulikuwa njiani. Ukurasa wa hamsini na nane mpishi alipandisha mkono wa kulia wa kanzu yake, na kovu la radi likang'aa mbele ya moto.

"Yu hai!" Kamusi alipiga ukelele.

"Nani?" Mwalimu alishtuka.

"Binti Radi!"

"Aa. Hongera," mwalimu akasema, akisogea nyuma kidogo.

Furaha ilidumu kwa muda wa pumzi mbili, kisha uso wa Kamusi ukasawijika. "Dada! Ile bahasha?"

"Si ulisema nipeleke? Nimepeleka bahasha," dada akajibu, macho makavu kabisa.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika mbili. Kamusi alitazama kibandani: baiskeli kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na magurudumu mawili. Akatoka mbio kwa miguu, aproni ya grisi ikipepea. Njia nzima aliliona shairi lake likisomwa, na mtu aliyempa ulimwengu mzima akiinamisha kichwa mbele ya watu kwa sababu ya uvivu wa msomaji mmoja.

Chumba kilikuwa kimejaa pomoni. Mbele kabisa aliketi mgeni: mwanamke mfupi, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi. "Babu pumzika sasa," Kamusi alikumbuka, na jasho likamtoka upya. Kosa lilelile, mara mbili. Mkutubi alikuwa ameshaichana bahasha.

"Mama, subiri! Usisome!"

"Kaa, mwanangu, usione haya," mkutubi alimwambia kwa upole. Akavaa miwani, akasoma: "'Naomba nimalize kitabu kwanza.'" Akageuza karatasi. "Basi, ni hayo tu."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mgeni akacheka kuliko wote. Kamusi aliyaona maandishi yale ya duara. Ndiyo yaliyoandikwa kwenye makopo yote ya jikoni kwao. Akaangukia kiti kama gunia lililofunguliwa kamba. Dada, aliyekuwa amefika nyuma yake akihema, alimchomekea karatasi iliyokunjwa katika mfuko wa aproni.

"Shairi lako," alinong'ona. "Vina vimenyooka. Mtunzi ndiye aliyepinda kidogo."

"Mwenyekiti!" kinyozi alipaza sauti kutoka safu ya nyuma. "Wewe umeshakisoma. Tuambie leo, yu hai au wadudu wamemla?"

Jibu lilimfika Kamusi kwenye ncha ya ulimi. Miaka mitano alikuwa ameingoja nafasi ya kumfunga kinyozi mdomo. Alimtazama mgeni, naye mgeni alikuwa ameacha kucheka, anamtazama.

"Naomba mmalize kitabu kwanza," Kamusi akasema.

Wakati wa kutia sahihi, mwandishi alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mpishi ulimtambua ukurasa wa ngapi?"

"Sikumtambua, mama. Nilimvisha ndevu."

Mwandishi alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilikuwa nakuogopa bila kukujua," alisema. "Watu wanaojua kila kitu kama wewe wangemtambua mapema, kazi yangu yote ingemwagika." Akaandika katika kitabu: "Kwa fundi aliyempa mpishi ndevu."

Lile shairi Kamusi hakulichana. Alilitundika kibandani kwenye msumari, juu ya magurudumu. Mteja akianza kulalama kwamba gurudumu bado linayumba, hali spana ingali mkononi mwa fundi, Kamusi humwonyesha karatasi ile na kumwambia: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.