Maji ya Mwisho ya Ndiva

Hapo zamani, mlima wetu ulipokuwa bado unatoa maji bila kubembelezwa, aliishi Upareni mama mmoja aliyeitwa Mama Nakijwa. Ninyi mnaofungua bomba maji yakamwagika huku mkipiga soga hamwezi kuijua raha ya enzi ile! Ukiamka, unausikia mfereji ukipita nyuma ya nyumba, na udongo uliolowa unanukia hadi unasikia njaa. Nikikumbuka, moyo unaniuma.

Kazi ya mama huyo ilikuwa kulinda ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo. Jioni huliziba kwa gogo, maji ya chemchemi yajae. Asubuhi hulizibua, yaende mashambani kwa zamu.

Watoto wake watatu walilima pande tatu. Nakijwa, kifungua mimba, alilima maharage juu kabisa, kwenye ukungu. Yeye zamu moja kwa wiki ilimtosha. Sekiete alilima mahindi katikati, akataka zamu mbili. Kirei, kitinda mimba, alilima mpunga bondeni kwenye joto, na mpunga, jamani, hautaki kunyweshwa, unataka kuogeshwa! Kila siku Kirei, kila siku maji. Wala hawakugombana, maana yalikuwepo.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Chemchemi ikakauka. Ndani ya ndiva yakabaki maji ya magotini, ya kuokoa shamba moja tu. Ukiyagawa mara tatu, yote yanaishia njiani. Asubuhi watoto wakamkuta mama yao ameshika lile gogo.

Sekiete akaanza. “Mama, pembe ya msaragambo ilipolia, sote twende kwa pamoja tukazoe tope la ndiva, kati yetu watatu nani alikuja? Mimi peke yangu! Siku nne nimezama topeni hadi kiunoni. Nisingezoa, haya maji yangekaa wapi? Na sheria yetu unaijua: asiyezoa tope, hanyweshi shamba. Mchumia juani, hulia kivulini.”

“Mdogo wangu,” akasema Nakijwa, mtoto mchanga mgongoni, “siku hizo nilikuwa nimetoka kujifungua huyu, nawe ulikuja kumwona. Mama, chemchemi inatoka kwangu. Nusu ya shamba langu nimeiacha msitu ili isikauke upesi, nikabaki na kishamba cha kuruka kwa hatua. Na msimu uliopita, mahindi ya Sekiete yalipokuwa yanachanua, nilimpa zamu zangu zote. Mimi nikavuna makapi. Leo ananisomea sheria?”

Sekiete akatazama chini.

Kirei naye akasema, “Mpunga wangu unakunywa sana, sikatai. Lakini mwaka wa nzige mlikula ghala la nani? Hata siku za msaragambo nilikuwa napanda mlima na gunia la mchele begani, nawaletea ninyi. Maji yakibaki huku juu, itashiba nyumba moja. Yakija bondeni, tutakula sote.”

“Yakifika,” akasema Sekiete. “Mfereji wako mrefu, Kirei. Mchanga ukiyanywa yote je?”

“Yakifika, kaka. Mwaka wa nzige mchele wangu haukufika?”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Nakijwa akalia mbele ya wanawe bila kujificha. “Laiti mngekuwa wavivu,” akasema, “ningejua la kufanya.”

Jua lilikuwa limeshapanda, na maji yanapungua wanayaona. Asipozibua saa ile, hakuna atakayepata. Mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaingia majini, akalikumbatia gogo kwa mikono miwili. Likaanza kulegea.

Haya, ninyi mliokaa hapa, semeni, tena upesi, jua halimngoji mtu: ungekuwa wewe ndiye Mama Nakijwa, maji yale ungempa nani? Na wale wawili wanaorudi nyumbani mikono mitupu, ungewaambia nini?