Kompyuta Iliyosinzia Mbele ya Baba Mkwe

Akina mama, aliye karibu na mlango aurudishe. Kabla sijafungua kinywa, kila mmoja aniahidi kwamba hili halitoki humu. Si bombani, si kwa msusi, si kwa mume kitandani. Mmeahidi? Vizuri. Mimi nami niliahidi hivyo hivyo, na nilipofika nyumbani nikamwambia jirani kabla sijavua viatu. Basi sikilizeni.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, msomaji wa matangazo na mpangaji wa nyimbo. Vyote aliviweka kwenye kompyuta yake ndogo ya kukunja, na Jumapili vinaonyeshwa ukutani kwa projekta. Kompyuta ilikuwa imechoka, imejaa virusi, mpaka mkamwana wake, mke wa mwanawe, alipoifuta na kuiwekea Linux. Msiniulize sana. Ni mfumo wa kuiendeshea kompyuta, kama ule mwingine mliouzoea, ila huu ni wa bure. Mkamwana huyo alikuwa na kibanda sokoni, anatengeneza kompyuta za watu. Ndicho kilichowalisha yeye na wanawe.

Sasa, vyombo hivi hulala. Ukikifunika kinasinzia, ukikifunua kinaamka pale pale ulipoishia. Cha mzee kilisinzia kikiwa wazi, katikati ya ubeti! Akibonyeza kitufe kiamke, kinafumbua jicho, kinafumba tena.

Mzee hakumwambia mkamwana. Alimwambia mkewe, mkamwana akiwa jikoni anasikia kila neno, kwa sababu desturi ya kwao ni kali: baba mkwe na mkamwana hawaketi pamoja, hawatazamani, hawajibizani.

"Mwambie mwanao huyo, Linux yake ina usingizi kuliko mlinzi wa shule."

Mama mkwe akageuka. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Mwambie baba aiache mezani."

Mzee akaiacha, akatoka. Mkamwana akaingia. Akaifunika, ikalala. Akaifunua, ikaamka. Akaiimbia pambio zima, haikupepesa. Hata hivyo alikesha nayo. Akauliza mafundi wenzake kwenye mtandao, huyu akamwambia weka toleo jipya, yule akamwambia rudisha la zamani. Akaweka, akarudisha. Jumapili ikalala. Akaifuta yote, akaanza upya. Jumapili ikalala. Alitamani kuitumbukiza chooni, na mwenye nayo aifuate.

Mzee naye akaanza kusema nje ya kanisa, watu wakiagana: "Msimpelekee vyombo vyenu. Changu amekiua." Maneno yakafika sokoni kabla ya mkamwana. Mtu aliyeleta kompyuta asubuhi alirudi kuichukua hata haijafunguliwa. Kibanda kikapoa.

"Mama, nimechoka," akamwambia mama mkwe. "Kwangu inaamka, kwa baba inalala. Au ni mimi ambaye hanitaki?"

"Usiseme hivyo, mwanangu. Na ukishasema, nyamaza, asisikie."

Ikaja Jumapili ya mavuno. Kanisa likafurika, wageni wakakalia benchi la nyuma la mkamwana, akasukumwa mbele pamoja na kwaya, nyuma kabisa ya meza ya baba mkwe. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kumwona yule mzee akifanya kazi. Akainamisha macho kwa heshima, na macho yaliyoinama yakaangukia meza. Mkono wa kulia unabonyeza. Wa kushoto umeegemea ukingo wa kompyuta, kama mtu aliyeegemea uzio. Ukutani giza. Mzee akainua mkono huo afunue Biblia, nyimbo zikawaka. Akaushusha, giza.

"Mmeona?" mzee akafoka. "Leo nitamsema hapa hapa. Mkamwana asimame watu wamwone!"

Akasimama. Hakumtazama. Alimtazama mama mkwe, benchi la mbele.

"Mama, mwambie baba ainue mkono wa kushoto."

"Inua mkono wa kushoto."

Mwanga.

"Mwambie aurudishe."

"Rudisha."

Giza. Kanisa likaguna.

"Mama, muulize baba amevaa nini."

Mama mkwe hakuuliza. Alipanda mwenyewe, akaukamata ule mkono, akaunyanyua juu, mkono wa shati ukateremka. Bangili ya sumaku! Zile za wachuuzi. Wanasema ni za presha. Mimi pale stendi nilisikia wakizinadi kwa jambo jingine kabisa, ila tuko kanisani. Kumbe sumaku iliyo kwenye kifuniko ndiyo huiambia kompyuta kwamba imefunikwa. Ikihisi sumaku ukingoni, inadhani imefunikwa, inalala. Ilikuwa inatii tu, maskini!

Mwacheni kwanza hapo, mkono ukiwa juu, niseme nasi.

Tunalia kwamba kijana amelala, binti hafunguki, mume amekuwa gogo. Tunambadilishia shule, tunamwitia mchungaji, tunamsema kwa majirani. Nani kati yetu ametazama mkono wake mwenyewe umeegemea wapi? Mtoto akifumbua jicho tunamlaza kwa neno moja, "wewe utaweza wapi," halafu tunauliza kwa nini haamki! Na heshima yetu hii, naipenda kama mnavyoipenda, lakini ndiyo iliyomzuia yule binti asione. Alitafuta kila mahali isipokuwa pale alipokatazwa kutazama. Heshima inayomficha mkosaji, anayeumia ataponea wapi?

Haya, turudi kwa mzee. Kanisa zima linamtazama. Jasho linamtoka, mkewe hajauachia ule mkono. Mzee akamnong'oneza mkewe, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, wakasikia wote:

"Mwambie mwanao... mwambie nimekosa."

Mkewe akajibu kwa sauti ya kuitia mbuzi:

"Mwambie mwenyewe. Si huyo hapo nyuma yako?"