Kamera Iliyogoma Siku ya Mkunga

Kuuliza si ujinga. Methali hii hutumiwa sana kuwatia moyo wanafunzi, kana kwamba mtu akishahitimu huyaaga maswali pamoja na madaftari yake. Lakini aliyeidhihirisha vizuri zaidi alikuwa fundi mmoja wa makamo. Miaka ishirini alikuwa akitengeneza redio, saa na kamera, na bado aliuliza kama aliyeanza kazi jana. Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Maswali.

Asubuhi moja, binti mpigapicha aliingia mbiombio katika jengo la mafundi, kamera ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Alikuwa amehitimu chuo miezi miwili tu iliyopita, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mkunga wa hospitali ya jirani alikuwa anastaafu. Watu sitini waliozaliwa mikononi mwake walikuwa wakutane uani saa nne, wapigwe picha moja kubwa ya kutundikwa wodini. Picha ya simu isingefaa kwa ukubwa ule. Saa tano mkunga angepanda basi kurudi kwao moja kwa moja. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu, na kamera haikuwaka.

Meza ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyejiita Injinia. Alibonyeza kitufe mara mbili, akatikisa kichwa.

"Bodi imeungua hii, dada. Iache, uje wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Kaka, mimi naihitaji saa nne!"

"Basi kaazime nyingine."

Machozi yakamlengalenga. Mama Maswali, aliyekuwa meza ya pili, akamsogezea kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza upumue. Jana iliwaka?"

"Iliwaka."

"Haikuanguka? Haikuingia maji?"

"Hapana, mama."

"Na betri umechaji?"

Swali hilo lilimchoma binti kama mwiba. Mtu mwenye cheti cha chuo anaulizwa kama amechaji betri! "Zote mbili zimejaa," alijibu kwa sauti ndogo.

Mama Maswali hakubisha. Alizipima kwa mita, akakuta zimejaa kweli. Akafuta vibati vya betri vinavyopitisha umeme kwa pamba yenye spiriti, akairudisha moja, akafunga mlango wake, akabonyeza. Kamera ikanyamaza kimya.

"Mama Maswali," Injinia alidakia huku akicheka, "umeshaiuliza kamera yenyewe imekula nini?"

"Bado. Nimeanza na mwenyewe, ndiye mwenye mdomo."

Bisibisi zake zilikuwa bado kwenye droo, maana kwake bisibisi ilikuwa haitoki mpaka maswali yaishe. Akamgeukia tena binti.

"Jana baada ya kuiwasha, uliifanyia nini?"

"Sikuifanyia kitu."

"Hata kuifuta?"

Binti akafikiri. "Labda… niliziwekea betri namba. Chuoni tulifundishwa hivyo, ili usichanganye iliyojaa na iliyokwisha."

"Kumbe plasta hii yenye namba ni ya jana?"

"Ndiyo, niliizungushia mwenyewe, nikaandika juu yake. Moja na mbili."

"Tangu uzungushie plasta, umeiwasha?"

Binti akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama Maswali aliinua kamera hadi usawa wa jicho, akautazama mlango wa betri kwa ubavu. Kwa mbali ulionekana umefungwa, kumbe upande mmoja ulikuwa umeinuka unene wa ukucha. Plasta ilikuwa imeinenepesha betri, ikakwama kabla ya kufika chini. Ndani ya mlango huo mna kijino kinachobonyeza swichi ndogo. Kisipoifikia, kamera hudhani iko wazi, nayo hugoma. Akaukandamiza mlango kwa kidole gumba. Taa nyekundu ikawaka.

"Ewe mama!" binti alipiga kelele, akamrukia shingoni.

"Niachie shingo, bado naihitaji," fundi alisema, akicheka. Akabandua plasta, akasafisha gundi, kisha akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri zenyewe. "Na usijilaumu. Ulikosea kwa uangalifu, si kwa uzembe. Mimi nimewahi kufanya makubwa zaidi ya hayo."

Injinia aliacha kucheka. Alisogea taratibu, akaitazama ile kamera, akakuna kisogo. "Mama, hicho kijino kiko wapi hasa?" Mama Maswali akamwonyesha, bila hata chembe ya kejeli.

Saa nne kasoro robo watu sitini walikuwa wamejipanga uani. Binti alikuwa ameshaandaa kiti cha heshima katikati, kama alivyofundishwa. Alikuwa karibu kumwambia mkunga aketi, akasita.

"Mama, wewe ungependa kuwa wapi?"

Mkunga akawatazama wale watu, wengine wana mvi tayari. "Niweke nyuma yao, mwanangu. Nimewapokea wote. Leo nataka nionekane nikiwasindikiza."

Kiti kikaondolewa. Mkunga akasimama nyuma juu ya ngazi, mikono ameitandaza juu ya mabega yaliyo karibu, na kamera ikalia *kwacha!* Hakuna chuo ambacho kingeweza kuipanga picha ile. Ilipatikana kwa swali moja tu, na kweli kuuliza si ujinga.