Mizani Peke Yake Iseme

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa wapi?
Ghalani, penye mahindi na penye meno.

Basi, wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala la mbegu, na ghala lilikuwa na kompyuta. Kompyuta ilisimamia sehemu tatu: Mlango, Taa na Mizani, ambayo magunia yote yaliketi juu yake. Kila sehemu ikiamriwa, huandika kwenye kioo yote yanayoipata.

Mwenyekiti wa ghala alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi. Walimchagua kwa kuwa ana sauti. Siku ileile akapanda Mizani ipate kumjua kwa uzito wake, akaamuru kila sehemu imwamkie kwa cheo chake kizima kila akiingia, maana bila cheo alibaki Fisi tu.

Mbegu zikaanza kupungua. Leo debe, kesho debe, na mvua ziko mlangoni.

"Mwizi ni Bi Nguchiro, mtunza kompyuta," akasema Fisi, huku akicheua. "Asipoonyesha mwizi mwingine kufikia kesho jioni, ahame bondeni, yeye na wanawe."

Bi Nguchiro, mfupi kuliko debe lenyewe, aliingiwa na hofu. Wanawe hata macho walikuwa hawajafumbua.

"Washa sehemu zote," akaamuru Fisi. "Zote ziseme. Zisiache kitu."

Bi Nguchiro akaziwasha zote. Lo, chaka-chaka-chaka! Mlango ukasema, nimefunguka. Mlango ukasema, nimefungika. Taa ikasema, nimewaka. Taa ikasema, nzi amepita. Taa ikasema, nzi amerudi. Chaka-chaka-chaka! Twiga akasoma mpaka shingo ikamuuma. Kobe alikuwa bado mstari wa kwanza.

"Mmeona?" akasema Fisi. "Tumechunguza kwa kina." Na wale wapumbavu wakapiga makofi.

Kesho yake asubuhi Bi Nguchiro akasema mbele ya wote, "Mzee, naomba Mlango unyamaze. Taa inyamaze. Mizani peke yake iseme."

Fisi akacheka, he-he-he. "Mizani haina macho. Inajua uzito tu. Haya, iseme."

Mlango kimya. Taa kimya. Adhuhuri kila mmoja akaenda kwake kula. Fisi naye akaenda kula, ila hakwenda kwake.

Alasiri wakakusanyika. Kioo kilikuwa na mistari mitatu tu, na Kobe mwenyewe akaisoma hadi mwisho:

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti Mtukufu.
Debe moja limepungua kwenye gunia.
Kwaheri, Mheshimiwa Mwenyekiti Mtukufu. Umeongezeka uzito."

Bonde zima likamgeukia Fisi.

"Mizani hii haina adabu," akasema Fisi.

"Inayo, Mzee, tena nyingi," akasema Bi Nguchiro. "Wewe ndiwe uliyeifundisha."

Wakamtimua, kpu-kpu-kpu, kwa njia ileile aliyomwandalia Bi Nguchiro. Tumbo lilikuwa zito, hakufika mbali kabla ya kupigwa mawe. Mvua ikanyesha, mbegu zikapandwa.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu, kaleni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.

Na funzo lake, wanangu: waamkieni wakubwa kwa vyeo vyao vyote, tena kwa maandishi, hasa mkiwakuta ghalani.