Tikiti Lililonyooshewa Kidole

Sogeeni. Mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitataka jibu kwa kila mmoja, na kukoroma si jibu.

Palikuwa na mzee akiitwa Mkambala, mwenye shamba la matikiti bondeni karibu na mto. Shamba zuri, roho mbaya. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na lake. Sihaba, wa kwanza, alikuwa na macho: sindano ikidondoka mchangani, yeye anakuletea na uzi wake. Mfaume, wa kati, alikuwa na mikono: mpe kopo bovu leo, kesho ni taa. Mwanakombo, kitinda mimba, alikuwa na roho ngumu. Kazi ambayo wengine waliikimbia wakitapika, yeye aliimaliza, kisha akauliza chakula kiko wapi.

Mwaka ule matikiti yakaanza kuoza yakiwa bado madogo kama ndimu. Leo zima, keshokutwa limelainika, siku ya nne ukilipasua ni uji na funza. Mzee akapiga dawa juu ya majani mpaka nyuki wakafa, lakini funza walikuwa ndani ya tunda, wanakula kwa raha zao. Yaliyooza akayatupa kwenye mfereji wa mpakani. Kisha akakaa akafikiri, na akafikiri vibaya.

Mnajua kwetu tikiti changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi, vinginevyo litaoza. Bibi zetu walisema hivyo, nasi hatukuwauliza walijuaje. Basi mzee akawaita watoto wake.

"Kuna mtu anayanyooshea matikiti yangu vidole," akasema. "Nitamjua. Na shamba hili ni moja, haligawanyiki. Atakayeliponya ndiye mrithi wangu. Wawili watakaobaki, siku ya mavuno wakunje mikeka yao waondoke."

Hakuna aliyecheka, maana mzee hakuwa na mzaha. Sihaba alikuwa ameachika, ana watoto wawili. Mfaume alikuwa na mke mjamzito. Mwanakombo alikuwa bado hajaolewa. Wote watatu hawakuwa na pengine pa kwenda.

Sihaba akalala kifudifudi kati ya majani, siku tatu tangu alfajiri. Siku ya tatu akamwona: nzi mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye kiuno chembamba, ametua juu ya tikiti changa. Akachomeka mkia kwenye ganda, akatulia, akaruka. Pakabaki tundu na tone la utomvu. Sihaba akapasua jingine lenye alama kama ile, akakuta funza wachanga ndani. Akakimbia kumwita baba yake.

"Baba, si kidole cha mtu. Ni nzi. Anataga mayai humu."

"Wapi?"

Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya ulezi, na macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Ngumi isingetosha. Sihaba akanyoosha kidole. Mzee hakulitazama tundu, alikitazama kidole. Akakishika, akakivunja, kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hata baadaye, alipolisogeza tikiti karibu na macho akaliona tundu, alisema tu, "Nzi yupo, na adabu nayo ipo." Mimi ningemtukana. Sihaba akakifunga kidole kwa kitambaa, akawaonyesha wadogo zake yule nzi.

Mfaume akasema anayependa tikiti bichi atapenda zaidi ndizi mbivu. Akakusanya chupa tupu, akazitoboa ubavuni, akatia ndani maji ya ndizi zilizoiva kupita kiasi pamoja na tone la dawa, akazining'iniza shamba zima. Nzi wakaingia, hawakutoka. Lakini ule ulikuwa mwezi wa njaa. Ndizi zilikuwa mkungu mmoja tu, na mkewe Rukia, mimba ya miezi minane, alikuwa akiusubiri.

"Mume wangu, utanilisha mimi au nzi?"

"Nzi," akajibu Mfaume. "Wewe utakula shamba."

Mtoto alizaliwa mdogo kama paka, akaishi siku tisa. Rukia hakumsemesha mumewe mpaka mavuno, na sidhani kama amemsemesha hadi leo.

Pamoja na chupa zote hizo, kila asubuhi nzi wapya walikuja. Mwanakombo akauliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: wanazaliwa wapi? Akaenda kwenye ule mfereji alikotupa baba yake, akafukua udongo chini ya matikiti mabovu, akakuta vifuko vya kahawia kama punje za mchele. Funza walikuwa wakishuka ardhini, wanageuka nzi, wanarudi shambani. Mzee alikuwa akiwafuga mwenyewe. Mwanakombo akachimba mashimo ya kufika kiunoni. Akaokota kila tikiti lililotobolewa, la mferejini lenye kunuka na la shambani ambalo bado linang'aa, akayafukia yote. Siku ishirini alifanya kazi hiyo. Siku ya kumi na mbili wakaja waliotaka kumposa. Wakamkuta shimoni, funza wakimtambalia hadi viwikoni. Mama wa kijana akaziba pua kwa ukaya wake wa kichwani, wakageuka, na mwezi haukuisha wakamposa binti wa jirani. Mwanakombo alilifukia shimo kwanza, ndipo akalia.

Siku ya mavuno majirani wakaitwa, kwani tikiti la kwanza hupasuliwa mbele za watu. Mzee akalipasua. Jekundu, baridi, halina funza hata mmoja. Wakala, wakatema mbegu, wakasifu.

"Nani aliyeliponya shamba langu?" akauliza mzee.

"Bila mimi mngekuwa bado mnakunja ngumi," akasema Sihaba.

"Kumjua nzi si kumuua," akasema Mfaume.

"Wewe uliwaua waliokwisha kuzaliwa," akasema Mwanakombo. "Mimi nilizuia wasizaliwe."

Wakatazamana, na wakaona haya. Sihaba akapiga magoti. "Baba, tuache tubaki sote watatu."

"Nilisema mmoja," akajibu mzee. Akawageukia majirani. "Mmekula, sasa lipeni. Kila mtu amnyooshee kidole anayestahili. Mwenye vidole vingi atabaki. Asiponyooshewa yeyote, shamba nampa mpwa wangu Shomari, ambaye hajawahi kushika jembe, na hawa watatu wote waondoke leo."

Majirani wale wakautazama mkono wa Sihaba, kidole kimepinda kama ndoano. Wakamtazama Rukia, ambaye mikono yake haina mtoto. Wakamtazama Mwanakombo, na binti wa jirani akainamisha uso. Wote, bado midomo yao imelowa maji ya tikiti, wakakunja ngumi.

Shomari alikuwa amekaa pembeni, anatabasamu.

Sasa nawatazama ninyi. Msiniambie mzee alikuwa katili, hilo nimewaambia mimi. Msiniambie wagawane, walikwisha kuomba. Ukimnyooshea mmoja, umewafukuza wawili. Ukikunja ngumi, umewafukuza watatu, na unajihesabu mtu mwema. Je, wewe kidole chako ungemnyooshea nani?