Gimbi Lililotoa Ushahidi

Apa kwanza kwamba neno hili halitoki hapa. Umeapa? Nami niliapa vivyo hivyo kwa aliyenihadithia, basi sikiliza.

Hapo zamani palikuwa na Sultani aliyekatazwa magimbi na mkewe, Mwana Rukaya, kwa sababu ya tumbo lake, maana lilikuwa likinguruma hata walinzi wa lango wakashika mikuki. Ulipoingia mwezi wa Shaabani, Mwana Rukaya akaweka ghalani magimbi ya futari. Asubuhi moja akakuta kikapu kimepungua, akaja kushtaki mbele ya baraza zima. Sultani, mikono kaificha ndani ya joho, akamkazia macho Mwinchande, maskini aliyeyachimba magimbi yale, asiye na kitu ila kibanda cha makuti.

"Ni wewe."

"Si mimi, Maulana."

"Basi gimbi lenyewe na liseme nani kaiba, kabla ya adhuhuri. Likinyamaza utahama mji huu, na kibandani mwako nitafuga punda."

Ikawa Mwinchande akaenda nyuma ya ghala. Kando ya mafiga yenye moto bado akaona maganda yamechongwa manene kama vibanzi vya seremala, na hapana hata tone la mafuta. Akacheka peke yake. Wanawake wa mji ule hawamenyi gimbi bila kupaka mikono mafuta ya nazi, maana utomvu wake unawasha kama upupu. Aliyemenya haya hajapata kuingia jikoni.

Akarudi, akaweka gimbi moja juu ya sinia. "Maulana, shahidi amefika. Ila ana haya huyu. Kila mtu aweke mikono magotini, asitikise kidole, mpaka amalize kusema."

"Hata mimi?"

"Gimbi halijui vyeo, Maulana."

Wakatulia wote, kadhi, waziri, hata mpishi. Punde Sultani akaanza kutoka jasho. Akauma mdomo, akakunja vidole vya miguu. Kisha uvumilivu ukamwisha, akasugua viganja kwenye kiti, huku akiguna kama mbuzi aliyepata nguzo, na katika kutikisika kule joho likafunguka, gimbi jingine likaanguka pu, likabiringika hadi miguuni pa kadhi.

"Limesema," akasema Mwinchande.

Mwana Rukaya akaliokota, akalipangusa vumbi. "Mwinchande, nenda kapumzike kibandani kwako. Na wewe, bwana wangu, mafuta ya nazi yapo rafuni, kando ya chumvi."